Majina ya Kijitabu cha Babu

Watu wengine huharibu harusi zao kwa ulevi, wengine kwa maneno ya majirani. Mimi nilikaribia kuharibu yangu kwa kalamu na karatasi.

Nilipochumbiwa, hapa Kolwezi, nilishikwa na wazimu wa kuandika ukoo. Nilitaka wakwe watakapokuja kubisha hodi wakute ukutani watu wetu wote, tangu babu aliyekuja kuchimba shaba hadi mimi. Nilitaka kujionyesha, sikatai. Anayeanza kazi hii namshauri awaulize kwanza walio hai, makaratasi yatamsubiri. Mimi nilifanya kinyume. Katika sanduku la bati la baba kulikuwa na kijitabu cha kazi cha babu, kile walichokiangalia kampini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa mgodi, wakati wa kugawa posho. Ndani yake mliandikwa mke na watoto saba, kwa mwandiko mzuri wa karani, na muhuri juu yake. Nikaona kazi imekwisha. Nani abishane na muhuri?

Kati ya wale saba, tuliowajua kuwa hai walikuwa wawili tu: baba yangu, kitinda mimba, na shangazi yangu anayepikia madereva wa malori bukari, yaani ugali wetu wa huku, na samaki kule Fungurume. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa msichana aliyeolewa na dereva akapelekwa mbali, mashariki, baba akiwa bado anabebwa mgongoni. Habari zake zilipotea. Nilimwandika juu kabisa, kwa wino mwekundu, nikijiona mtaalamu.

Wakwe wakaja Jumapili. Baba mkwe, ambaye alihamia Kolwezi miaka michache tu iliyopita, aliipenda karatasi yangu. Akaanza kuisoma akifuata mistari kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye wino mwekundu.

"Huyu ni marehemu mama yangu," akasema. "Njo majina yake yote. Alituambiaka asema alikomea mu ile kampi tangu mutoto."

Tukapiga hesabu kimyakimya, kila mtu kwenye kiti chake. Kama mama yake na baba yangu ni ndugu, basi mimi na baba mkwe ni binamu, na mchumba wangu ni mwanangu wa ukoo. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana upesi kuliko walivyowahi kukubaliana juu ya jambo lolote: damu moja haioani, mambo yaishie hapo. Waliaga kwa adabu, kuku wetu wakabaki mezani bila kuguswa. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Mchumba akaniandikia kwenye simu: "Mama mudogo, usilie." Niliitupa simu kitandani, kisha nikaanza kucheka peke yangu.

Jumanne mimi na baba tulipanda basi la asubuhi kwenda Fungurume, kwa kuwa ni shangazi tu aliyekuwa na umri wa kukumbuka mambo ya wakati ule. Tulimkuta anasonga bukari. Nilimweleza yote. Hakuuliza habari za harusi. Aliuliza kama baba mkwe ana mwanya kama wa dada yake, na kama akicheka hufumba jicho moja. Nikasema ndiyo, yote mawili. Aliweka mwiko, akakaa juu ya kreti ya bia, akalia na kucheka kwa pamoja. Halafu akamtazama baba yangu, na kicheko kikamwisha.

"Yaya yangu, mukubwa wangu, hakukuwa wa damu yenu," akasema taratibu. "Na mi pia. Tulitoka mu tumbo moya, siye wawili. Tata, babu ya huyu mutoto, hakutuzala. Alituandikisha tu mu buku, juu tupate dawa na masomo."

Baba mzazi wa wasichana hao wawili alikuwa rafiki wa babu, mjane, kibarua wa siku. Alikwenda kutafuta kazi upande wa Nzilo, hakurudi. Shule na hospitali ya kampi zilipokea watoto wa kijitabu tu, kwa hiyo babu alikwenda ofisini akaapa kwamba wote wawili ni wake, kisha akamkataza kila mtu nyumbani asiseme vingine. Babu alikufa, posho ikaisha, siri ikabaki. Shangazi alisema hakuitunza kwa ajili ya babu tena. Aliogopa kwamba siku tukijua, hatutamhesabu.

Baba, mzee wa miaka zaidi ya sitini aliyebebwa utotoni na mgongo wa shangazi huyu, aliinuka. Alichukua mwiko, akaanza kusonga bukari, vibaya mno, madonge matupu. "Yaya," akasema, "bukari yako inaungua." Shangazi akamnyang'anya mwiko na kumfukuza jikoni. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku ile.

Wakwe walipopata habari walikuja tena, na safari hii kuku walikwisha. Niliandika karatasi mpya. Nilimweka baba mzazi wa wasichana wale pembeni, nikawaunganisha na babu kwa vitone. Baba akauliza vitone ni vya nini. Nikavifuta, nikapiga mstari kama wa wengine.

Siku ya harusi upande wa mume walikuwa wamemwekea shangazi kiti cha mbele, kwa sababu ndiye nyanya pekee aliyewabakia. Alikaa kidogo asiwavunje moyo, kisha akavuka ukumbi kuja kunichukua, maana kwetu bibi harusi hupelekwa na shangazi yake. Alinishika mkono, akanitembeza polepole hadi kwa wakwe. Mshereheshaji akauliza ni nani upande wa mume atakayempokea bibi harusi kwa niaba ya nyanya yao.

Shangazi aliniachia mkono, akanizunguka, akasimama mbele yangu na kunipokea. Nilikuwa nimejiandaa kulia kama inavyotakiwa, lakini nilicheka hadi kilemba kikalegea, na ni yeye aliyenifungia upya.