Vinkubala Vilivyobaki Kwenye Mizani

Juzi, nikipima sanduku langu kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, nilisikia tena harufu ya depo ya madini pale Kikula, mtaa wetu wa zamani: jasho, magunia, vumbi la mawe ya shaba.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, Tantine, dada ya baba, alilipeleka sanduku lake depo kwa sababu mtaa wetu haukuwa na mizani nyingine kubwa. Alikuwa anarudi Ubelgiji kwa tiketi ya bei ya chini kabisa. Juu ya nguo zake nilikuwa nimeweka kifurushi cha vinkubala, viwavi nilivyovikausha mwenyewe juani, ampelekee baba kule. Sindano ilipita alama. Tantine akatoa kifurushi changu, akaacha jozi nne za viatu.

"Kilo imepita, mama. Hii itabakia," akaniambia.

Nililia nikiamini nilivikausha vibaya, vikabaki na maji, ndiyo maana vilikuwa vizito. Siku hizi najua havikufikia uzito wa kiatu kimoja. Baba alikufa akiniita mtoto asiyemkumbuka.

Sasa msafiri nilikuwa mimi, kwa tiketi ya bei ya chini vilevile, na Tantine alikuwa amenisihi kwenye simu: "Mutoto yangu, uniletee vinkubala. Miye niko nakufa na hamu."

"Madame, kilo mbili zimezidi," akasema mpimaji.

Viatu vyangu sikuvigusa. Nilitoa kifurushi cha Tantine, nikatafuna konzi mbili palepale, vilivyobaki nikaigawia foleni nzima. Kisha nikamwandikia: "Tantine, kilo imepita. Hii imebakia."