Chapati ya Ng'ombe na Chapati ya Mbwa

Usiku ule sikulala. Nilikaa kitandani nikisikiliza dari, maana sakafu ya Mama Jeet ndiyo dari yetu, na ndala zake nazijua kama ninavyojua mlio wa kufuli la duka langu. Akiwa na amani, ndala zinaburura. Akiwa na hasira, zinapiga pa, pa, pa, kutoka jikoni mpaka dirishani na kurudi. Usiku ule zilipiga mpaka mume wangu, Gaudens, akavuta shuka hadi kichwani.

"Lala, Mama Nice. Asubuhi atasema."

"Atasema nini?"

"Atasema mbwa aondoke. Sasa lala."

Ningelalaje? Mama Jeet ndiye mwenye nyumba wetu hapa Kariakoo. Anaishi juu, sisi tuko chini, nyuma ya duka letu la ndoo na mabeseni. Mchana ule mbwa wetu, Meneja, alikuwa amepanda hadi juu ya paa la zege, ambako Mama Jeet anaanika papadi zake, zile kama chapati nyembamba za unga wa dengu zinazokauka juani. Meneja alizipitia zote. Halafu akageuka akazipitia tena, nadhani alipenda zinavyolia. Alishuka na shuka la kuanikia shingoni kama bwana harusi, akazunguka ua, akaangusha ngazi ya fundi rangi, fundi akiwa juu yake.

Unaweza kuuliza, mbwa wa namna hiyo ni wa nini? Kabla yake wezi walishakata kufuli la duka letu, nami nikawa nalala nimevaa viatu. Tangu Meneja aje, nalala pekupeku. Ni hilo tu. Akiondoka, viatu vinarudi kitandani.

Asubuhi ndala zikashuka ngazi.

"Shikamoo, Mama Jeet."

"Marahaba. Jeet analeta wakwe."

Nilisahau hofu yangu nikapiga kigelegele. Jeet ni mwanawe wa pekee, mtu wa makamo, na mama yake ameshamwonyesha wasichana mpaka wameisha mjini. Kumbe kampata wake mwenyewe, Pinal, binti wa Upanga.

"Usishangilie," akasema, ingawa naye alikuwa akijizuia kucheka. "Mama yake Pinal anaogopa mbwa. Siku wakija, huyu wako akimrukia mtu hata mmoja, jioni hiyohiyo anahamia mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya Elibariki. Nimeshaongea naye, amemkubali."

Mama Jeet akisema, amesema. Amezaliwa kwenye nyumba hii hii. Marehemu mume wake, Harilal, aliuza vifungo na zipu katika duka ambalo sasa ni letu. Tangu afe, mama huyu hukaa dirishani juu akiuangalia mtaa. Anawajua wasukuma mikokoteni wote kwa majina, na akiona mzigo umefungwa vibaya anapiga kelele kutoka juu mpaka ufungwe upya. Lakini yeye mwenyewe hashuki mtaani. Magoti, anasema. Dunia yake ni dirisha, paa na jiko.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kumtuliza Meneja. Gaudens alikuwa na jibu lake.

"Unamlisha dona kama mbeba mizigo, halafu unategemea asinzie?"

Muuza mapupu ya ng'ombe sokoni akaniambia nimpe mapupu tu. Jirani akasema nisimpe nyama kabisa, nyama inamkumbusha alikotoka. Alikotoka ni nyuma ya baa ya Ilala, sijui kuna nini cha kukumbuka. Mwishowe nikaenda duka la dawa za mifugo, kwa Daktari Evelyn, binti mdogo lakini ana uso wa mwalimu mkuu.

"Anakula nini?"

"Ugali na dagaa."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Mama yangu, nimekuuliza na nini tena."

"Hakuna kingine, naapa."

Aliniangalia kama mtu aliyeshaapiwa sana. Akaniambia nimpe wali na samaki aliyetolewa miiba, boga kidogo, mapupu yaliyochemshwa bila chumvi, asubuhi na jioni, saa zilezile. Sukari hapana, mafuta mengi hapana, makombo ya watu hapana. "Na mbwa wa umri huu hatulizwi na sahani peke yake. Lazima atembee. Atembee hasa."

Nilishika ya sahani. Ya kutembea niliiacha, maana duka nani angeangalia?

Nyumbani kukawa vichekesho. Gaudens alifunua sufuria akaona samaki na boga, akanawa mikono.

"Hiyo ya Meneja," nikamwambia.

"Na yangu?"

"Yako dagaa."

Alikula akimtazama mbwa bila kupepesa macho.

Na kweli mbwa akatulia! Asubuhi alilala chini ya meza ya duka, mchana akapiga miayo, wateja wakamruka kama mfuko wa simenti. Nikaanza kuimba. Lakini ilipofika jioni, baada tu ya jua kuzama, alilipuka. Alizunguka ua kama pikipiki isiyo na breki, akaingia ndani ya beseni, akatoka nalo mgongoni. Kesho yake vilevile. Mchana mchungaji, jioni shetani.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Jioni iliyofuata nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Mlango wa juu ukafunguka kidogo. Ndala zikashuka polepole, zikiburura, ndala za amani kabisa. Mama Jeet akainama kwenye ngazi, akimnong'oneza Meneja Kigujarati kwa sauti ambayo hata Jeet sidhani kama amewahi kuisikia. Akatoa chapati iliyong'aa kwa samli, ndani imejazwa sukari guru. Meneja akaimeza. Akatoa ya pili. Kisha bakuli la chai ya maziwa, tamu, nilisikia harufu ya iliki mpaka nyuma ya tangi.

"Mama Jeet!"

Aliruka. Yule wa magoti, aliruka.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Ni desturi. Mama yangu alinifundisha. Chapati ya kwanza ukipika ni ya ng'ombe, ya mwisho ni ya mbwa. Ndipo wewe ule."

"Sasa mbona mbili?"

Akakohoa. "Kariakoo hii, ng'ombe nitampata wapi?"

"Kwa hiyo Meneja anakula ya mbwa na ya ng'ombe?"

"Na makombo ya ndege, siku wasipokuja."

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi. Alijaribu kukasirika, akashindwa, naye akakaa. Tulicheka kama wasichana, Meneja akituzunguka kama feni.

"Lakini unataka kumfukuza, na wewe ndiye unamtia wazimu," nikamwambia nilipopata pumzi.

Akaokota bakuli la chai. "Siwezi kuacha, Mama Nice. Tangu Harilal afe, napika chapati tatu. Moja ndiyo yangu, Jeet anakula kazini. Nikiacha hizo mbili, nitakuwa nawasha jiko kwa ajili ya moja."

Mikono yangu ikafanya kazi ya kumkuna mbwa. Kisha nikamkumbuka Celina, muuza maziwa anayefuga bondeni kule Jangwani.

"Ya mbwa iwe ndogo, kavu, bila samli wala sukari. Tunaitia kwenye chakula chake cha jioni. Na ya ng'ombe tutampelekea ng'ombe."

"Nani atapeleka?"

"Meneja na mimi. Na wewe. Daktari amesema atembee."

"Magoti yangu..."

"Nimeyaona yakiruka."

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, alishuka amevaa sari ya bluu na raba za Jeet, zimejazwa soksi mbele zisimvuke. Mtaa mzima ulisimama. Wasukuma mikokoteni waliozoea kumwona dirishani walipiga miluzi.

"Mama Jeet! Umeshuka?"

"Nimeshuka! Na kamba yako imelegea, ifunge!"

Meneja alituvuta, mimi nikavuta kamba, Mama Jeet akashika mkono wangu, chapati ikiwa kwenye leso kama zawadi ya harusi. Bondeni, ng'ombe wa Celina aliinusa, akaila, akalamba na ile leso. Mama Jeet alifumba macho. Aliporudi alikuwa anatembea mbele yangu.

Tulikwenda hivyo kila asubuhi, mpaka ng'ombe akawa anatujua. Jioni Meneja alikula, akanywa maji, akalala. Hata hivyo mimi sikuamini. Siku ya wakwe nilitaka kumfungia stoo, Mama Jeet akakataa.

"Mbwa aliyefungiwa utajuaje ametulia? Nilisema akirukia mtu anaondoka. Nimesema."

Basi nilikaa naye chini ya ngazi, nimeshika kamba kwa mikono miwili. Wakaingia. Mama yake Pinal alimwona, akamshika mumewe shati. Meneja alinyanyua kichwa. Mkia ukapiga sakafu. Nikafumba macho. Nilipofumbua walikuwa wameshapita, mlango wa juu umefungwa, na mbwa bado amelala.

Lakini haikuwa imeisha. Chapati zilianza kunukia. Meneja akasimama, anatetemeka mwili mzima, analia puani. Wakitoka sasa, itakuwaje? Nikamnong'oneza kila neno la kubembeleza ninalolijua. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.

Juu, ndala zikaanza kuja. Zinaburura. Nyuma yake kulikuwa na hatua nyingine ndogondogo, za woga, zilizosimama, zikasogea, zikasimama.

Mlango ukafunguka. Mama Jeet alikuwa amemshika mkono mama yake Pinal, na kwenye mkono huo wa mgeni, ukitetemeka kuliko mbwa, kulikuwa na chapati ndogo, kavu.

"Mama Nice," akaita kutoka juu, "mlete mbwa wetu."