Mpira wa Tarehe Nane Juni

Ushindi alivaa koti la harusi kwenda uwanjani. Mtaa mzima wa Saint-Gilles ulikuwa unatokota kwa joto, lakini koti hakulivua, maana leo jina lake lingetajwa kwenye kipaza sauti na binti yake Keren angekuwepo kusikia.

Klabu ile ya besiboli ina desturi yake. Kabla ya kila mechi mtangazaji husoma mambo makubwa yaliyotokea tarehe kama hiyo: nani kule Marekani aliweka rekodi, nani alifukuzwa uwanjani kwa matusi, kisha yanafuata ya klabu yenyewe. Na kila tarehe nane Juni mwenye sifa ni mmoja tu, Jérôme, aliyeupiga mpira ukavuka uzio na miti, klabu ikabeba kombe.

Uongo mtupu! Jérôme hajawahi kushika gongo la kupigia mpira ila kulisogeza apate pa kukaa. Aliyepiga ni Ushindi, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye wakati huo alikuwa ametoka Bukavu karibuni na hana karatasi yoyote. Jérôme alimwazima kadi yake ya uchezaji, aliyojiandikishia klabuni bila kuitumia. Wazungu wakaitazama picha, wakamtazama Ushindi, wakaona sawa tu. Hata yeye alicheka. Alidhani jina ni kitu cha kuazimana kama sufuria ya sherehe, kesho kila mtu anachukua chake.

Wachezaji wa enzi hizo walishatawanyika. Mwaka huu klabu ilitaka shujaa wake aje kurusha mpira wa kwanza wa kufungua mechi, na mwaliko ukaenda kwa mwenye jina. Ushindi akamfuata nyumbani.

"Yaya, mukubwa wangu, sasa niko na ma-papiers. Sema tu ukweli, mutoto wangu asikie."

"Bon, nitasema. Uko ndugu yangu, non?"

Basi Jérôme akaitwa, akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo.

"Ule mpira," akasema kwa Kifaransa, "mpaka leo nausikia mikononi."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Akarusha mpira wa kwanza, ukadondoka miguuni pake mwenyewe. Watu wakacheka kwa upendo, wakasema ni umri.

Keren hakucheka. Alikuwa amekua na hadithi ya mpira ule, na shuleni aliwasimulia wenzake wote.

"Papa, alors ni tonton Jérôme ndiye alipiga?"

"Ni mimi, mutoto wangu. Nilikuwa natumia jina yake."

"Donc enda useme pale."

Ushindi alikasirika. Lakini angesema nini? Kwamba kombe lao lilipatikana kwa kadi ya mtu mwingine? Na ombi lake la uraia ndiyo kwanza linachunguzwa. Akabaki amekaa, anajichukia.

Keren alimsubiri, kisha akateremka uwanjani. Alirudi na simu mkononi, Jérôme nyuma yake akitabasamu.

"Papa, utupige photo, nionyeshe wenzangu ule alipiga mpira."

Ushindi akasimama, akawapiga picha.