Nilimnyamazisha Mpiga Bezi Mbele ya Babake

Kosa ni langu. Si la gitaa, si la stima, wala si la shetani. Ni langu, na nyinyi mnaosoma mkitaka kunitukana, tukaneni tu, nimeshazoea kujitukana mwenyewe.

Mimi napiga gitaa la ridhimu kwenye bendi moja ya huku kwetu Makueni, upande wa Mbumbuni. Tulikuwa watano. Tunapiga arusi, harambee, matanga, popote tukiitwa. Mimi pia ndiye mtu wa vyombo: spika, waya, mikisa ile ya kupandisha na kushusha sauti, vyote viko chini yangu.

Spika zetu za zamani zilikuwa masanduku ya mbao, makubwa kama kabati. Ukialikwa Mbooni, gari linakuacha barabarani, kisha ni kupanda mlima na sanduku begani, wanaume wawili kwa kila moja. Siku moja niliteleza kwenye matope, sanduku likaniangukia. Woi, huo mgongo! Nikasema basi, tununue spika nyepesi, zile za betri ambazo mtu anabeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji.

Wenzangu wakakubali. Muthama, mpiga bezi wetu na rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliniambia jambo moja tu.

"Mwanaa-mwaitu, ndugu yangu, usinunue kabla hujachomeka bezi. Nyimbo zetu watu wanachezea bezi. Ukienda niite, nije na gitaa langu."

Nilimwita? Wapi! Nilitaka kurudi nyumbani na spika mpya kila mtu ashangae. Nikaenda Machakos peke yangu. Kijana wa duka akaweka wimbo kwenye simu yake, spika ikaunguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Nikasahau kwamba niko ndani ya chumba kidogo chenye kuta nne. Nikasahau kwamba wimbo wa simu si gitaa la bezi. Nikalipa.

Soko zima liliniona nikishuka kwenye bodaboda na spika mbili, moja kila mkono, nikitembea kama bwana arusi. Haki, nilijiskia!

Siku ya kwanza ya mazoezi, Muthama akachomeka gitaa. Ile spika ikakoroma, ikakoroma, kisha ikajizima. Tukawasha tena, ikajizima tena.

"Hii kitu haibebi bezi," Muthama akasema. "Rudisha."

Nikamwambia shida ni gitaa lake, limezeeka. Hebu fikiria! Nilijua anasema ukweli, lakini ningerudi vipi Machakos na soko zima limeniona?

Basi nikatafuta ujanja. Kwenye mikisa nikawa napunguza bezi, inabaki kidogo tu ya kudanganya. Spika hazijizimi tena. Na mjue kitu kimoja kuhusu bendi: mtu anayepiga hasikii kile watu wa mbele wanasikia. Anamtegemea mtu wa vyombo. Kila Muthama akiniangalia kuuliza, nilikuwa namwonyesha dole gumba. Mbele kuko sawa, endelea! Naye anaendelea, kwa sababu ananiamini.

Tukapiga hivyo arusi kadhaa. Watu wakaanza kusema siku hizi bendi yetu haina utamu, na wengine wakasema Muthama ameisha. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, nikanyamaza nikala chapati yangu.

Sasa nifike kwa ile siku.

Babake Muthama ni mzee wa kanisa huko Mbooni. Muziki wetu aliuita wa dunia, na hakuwa amewahi kukaa chini amsikilize mtoto wake, hata mara moja. Lakini dada yake Muthama alipoolewa, yule msichana alimlilia babake mpaka mzee akakubali: baada ya ibada, bendi ya Muthama ipige, na yeye atakaa asikilize.

Muthama hakulala vizuri wiki hiyo. Aliniambia, "Nimemtengenezea mzee wimbo. Naanza na bezi peke yake, ubeti mzima, halafu nyinyi mnaingia. Siku hiyo usiniangushe."

Nikamwambia, "Tulia, kaka."

Uwanja ulikuwa wazi, upepo wa mlimani unavuma, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Nilikuwa nimeongeza sauti ili ifike mbali, na wimbo wa kwanza tu, spika zikajizima katikati ya watu wakicheza. Watu wakapiga miluzi! Nikawasha tena, na kwa uoga nikashusha bezi yote. Yote kabisa!

Kisha MC akatangaza kwamba Muthama ana zawadi ya babake.

Muthama akasonga mbele, akafunga macho, akaanza. Vidole vinatembea, na hakuna kitu. Kimya. Ni kale kasauti kembamba ka nyuzi zenyewe, na hako pia kalibebwa na upepo. Watoto wakaanza kucheka. Watu wanaangaliana. Akafungua macho, akanitazama.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mikisa. Ningeinua ile bezi hata kama spika ingepasuka! Badala yake nilimwonyesha dole gumba.

Naye akaamini, akafunga macho tena.

Mzee akavumilia kidogo, kisha akachukua kofia yake akasimama, akaondoka. Sisi wengine tulipoingia kwenye wimbo, alikuwa ameshafika nyuma ya nyumba.

Tulipomaliza alituita. Akamwambia mtoto wake mbele yetu sote, "Nimeona vidole. Sijasikia kitu. Hii ndiyo kazi iliyokufanya uache kanisa?"

Muthama akanigeukia. "Si ulisema mbele inasikika?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Mzee, ni gitaa lake. Nimemwambia mara nyingi atafute lingine."

Muthama hakubishana. Alisema tu, "Pole, baba," akakunja waya wake. Hakurudi kwenye bendi tena. Gitaa aliliuza, na sasa anawekea magari mafuta kwenye stesheni ya petroli huko Mtito Andei. Simu zangu hashiki, na simlaumu.

Bendi ilivunjika. Lakini hiyo si kitu. Kilichonitesa ni yule mzee kuamini mtoto wake hajui kazi, na mtu pekee anayejua ukweli ni mimi.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikapanda hadi Mbooni, nikamkuta mzee akipukuchua mahindi, nikamwambia kila kitu. Spika, mikisa, dole gumba, uongo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea!

Aliniuliza, "Mtoto wangu umemwambia?"

"Bado, mzee. Namwogopa."

"Mimi nilimwaibisha siku ya arusi ya dadake, akaniambia pole. Yeye ndiye akaniambia pole!" Akapangusa mikono, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Muthama, ni mimi. Ile siku ya arusi, ulikuwa unanipigia wimbo gani?"

Huko upande wa pili tulisikia malori yakipita. Kisha Muthama akasema polepole, "Ule wako, baba. Ule huwa unaimba ukikama ng'ombe."

Mzee alinipa simu nimweleze mwenyewe. Nikasema, "Muthama, ni mimi, nisamehe..." Akakata.

Mzee ameshuka Mtito Andei mara mbili kumwona. Wameanza kuongea, kidogo kidogo. Mimi hakuna aliyeniambia nije.

Kwa hivyo wewe unayetumwa na wenzako kutafuta spika nyepesi, sikiliza mjinga aliyekutangulia. Wepesi si dhambi, mimi bado najua uchungu wa ule mlima. Lakini enda na mpiga bezi. Mwambie apige, kisha wewe toka nje ya duka, vuka barabara, usimame mbali, pale ambapo baba ya mtu atakuwa amekaa. Kama huko husikii kitu, usinyooshe dole gumba.