Sabuni Iliyoficha Uso Nyakabiga

Juzi, pale Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, nilikuta kiwanda cha sabuni kikidhamini amani. Kilikuwa kimempa rangi fundi anayechora mabango ya vinyozi, achore ukutani majirani wakicheka, na kipande cha sabuni pembeni. Fundi, kwa mazoea ya kazi yake, alichora vichwa vya wateja wa vinyozi anaowakumbuka.

Mama mmoja akasimama, kitenge mdomoni.

"Fundi, futa uyu."

"Mama, si anacheka muzuri?"

"Ni bwana yangu. Mi naambia wenye kumutafuta kama alisafiri. We unamuweka ku barabara?"

Fundi alimtazama mkubwa wa kiwanda, aliyekuwa akimsubiri mpiga picha. Kisha akachovya brashi, akachora sabuni nyingine juu ya ule uso, kubwa kama tofali.

"Voilà! Sasa sabuni inaonekana!" mkubwa akapiga makofi.

Nilijua sabuni inatoa madoa. Sikujua inaficha waume.

Mama alikwisha kuondoka bila kugeuka. Sisi wapita njia tuliobaki hatukupiga makofi. Tulisogelea ukuta, tukakagua nyuso zilizobaki, moja moja, kila mtu akiomba asijikute.