Koti Langu Lilivyobaki Njombe

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu hii nimeibeba tangu Juni na imenichosha. Mimi nafundisha hesabu hapa Mahongole, Makambako, mwaka wa ishirini na sita huu, na kichwa kigumu ninacho (muulizeni mke wangu).

Neema, niliyemfundisha mwenyewe, sasa anasoma shahada ya pili. Aliitwa Njombe aongee mbele ya wakuu wa shule, wakiridhika wampe darasa la likizo la wasichana. Akaniletea kurasa zake sita nizipitie, mimi niko mbioni kuvuna viazi, nikazitupia kabatini, na alipouliza nikasema nimesoma, ziko safi.

Siku yenyewe nikamsindikiza Njombe. Akasimama, mtulivu, anaeleza kama anayemenya kiazi: unachukua kundi dogo la namna za kugeuza kitu, unalifanya tofali, halafu kwa tofali hilo peke yake unajenga kinachokaribia kundi kubwa la namna zote kadiri inavyowezekana. Tofali lake lilikuwa kupindua, uso wa juu uende chini. Akasema kwa kupindua tu ataweza kuzungusha mraba robo mzunguko. Mimi nani ninyamaze? Nikainuka nikasema haiwezekani, ukipindua mara mbili umerudi ulipoanzia, tena akiweza achukue koti langu. Mkuu mmoja akafunga daftari lake, na hapo nikajua namharibia mtoto wa watu.

Neema hakubishana. Alichukua kipande cha boksi cha mraba chenye kona moja ya wino, akakipindua kwa mstari wa katikati, kisha kwa mstari wa kona hadi kona. Uso ukarudi juu, na ile kona imehama robo mzunguko. Jamani, mistari ilikuwa miwili, mimi nawaza mmoja, na kumbe yote ilikuwamo kwenye zile kurasa nilizotupia kabatini!

Nilipiga makofi kuliko wote, machozi yakinilenga kwa fahari. Daftari likafunguliwa, darasa akapewa palepale. Nikavua koti, akalipokea kwa mikono miwili.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “ulikuwa unatukata alama tusipoonyesha njia. Yako iko wapi?”

Nilirudi Makambako na shati, na baridi ya Juni mnaijua. Sisemi tena nimesoma kitu kilicho kabatini. Koti sijalidai, liko darasani kwake, na msichana anayekwenda ubaoni ndiye hulivaa.