Baiskeli ya Baba kwenye Reli ya Zamani

Fundi akifungua gundi ya kuzibia pancha, mimi husimama ninuse.

Baba alipofariki, baba mkubwa alichukua baiskeli yake. Mimi na mama tukawa tunakwenda shambani Magamba kwa miguu, tukifuata tuta la reli iliyoachwa, kokoto zikituchoma nyayo. Kila asubuhi alitupita akipiga kengele.

"Pisheni nyie!"

Siku moja niliwahi, nikatandaza miiba ya mgunga chini ya majani makavu. Tulimkuta anaikokota baiskeli juani, tairi zote mbili hazina upepo.

"Pole, shemeji," mama akasema, huku akiuficha mkono wangu uliochubuka ndani ya kitenge chake.

Tulipompita, mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikatamani ningeweka miiba mingi zaidi.